Bei Mbili za Mpunga wa Mlandizi

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa boma la Kisarawe alinisimamisha mwisho wa uwanja, penye ua wa michungwa, kisha akarudi taratibu mpaka barazani pa ofisi yake akaketi.

"Sema jina lako na la baba yako!" aliniamrisha kutoka kule.

"Shomari bin Kondo!" nikapiga kelele.

"Usipayuke. Anayepayuka husikika kelele, maneno hayasikiki. Sema tena."

Nikasema tena, safari hii pole pole, nikivuta kila neno mpaka mwisho wake. Wafungwa waliokuwa wakifyeka nyasi waliinua vichwa wakacheka. Karani hakucheka. Alitoka barazani na kofia nyekundu mkononi, akanivika mwenyewe. "Sauti unayo," alisema. "Sasa tutaona kama una kumbukumbu. Hapa hatumtaki mtu wa kuongeza wala wa kupunguza."

Ndivyo nilivyoandikwa utarishi. Nyinyi vijana mkisikia tarishi mnafikiri ni mtu wa kubeba barua tu. Barua tulibeba, lakini wengi waliopelekewa habari za serikali hawakusoma, na aliyesoma alisoma kwa herufi za Kiarabu za chuoni, si zile za ofisini. Kwa hiyo neno likitoka bomani lilisafiri katika kifua cha mtu. Mimi nilipewa kazi ya mbiu. Nilichukua pembe kubwa ya nyati, nikaigonga kwa kijiti cha mpingo. Mlio wake ni mkavu, unavuka bonde bila kupotea. Watu wakikusanyika nilianza hivi: "Aliyepo asikie, asiyekuwepo aambiwe." Kisha nilitoa neno nililopewa, nikalirudia, nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kazi, kwa sababu watu hupenda kukuuliza wewe unaonaje.

Zilikuwako taratibu zake. Ukifika kijijini huanzi kwa pembe, unaanza kwa jumbe, mkuu wa kijiji, maana huwezi kutangaza katika nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajakukaribisha. Siku ya Ijumaa unasubiri watu watoke msikitini, tena unasimama mbali kidogo na mlango. Penye msiba hutangazi bei wala kodi, unakaa matangani, unakula kilicholiwa, na kesho yake unafanya kazi. Karani mkuu alinifundisha haya yote kwa muda wa miezi, akitembea nami mwenyewe vijijini hadi aliporidhika.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Kibaha. Wakati huo Kibaha ilikuwa pori na mashamba ya muhogo, nyumba moja hapa, nyingine kule, na barabara ya Morogoro ikipita katikati kama mgeni asiyekusudia kuketi. Huko nilikuwa chini ya Bwana Shamba, afisa wa kilimo mwenye ofisi bomani Kisarawe, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili Tanga na kukisema kwa uangalifu kama mtu avukaye daraja la mti mmoja. Yeye alinifundisha mazao. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, ukiyavunja yanatakiwa yalie, na ndani yawe meupe. Yakiwa na madoa ya kijani ni ukungu. Mpunga unauma punje: ikikatika kwa mlio, umekauka, ikibonyea, mwenyewe arudi akaanike. Na gunia lazima lipepetwe kwanza, pumba zisipande mizani.

Basi ikaja Vita ya pili, na baada yake njaa ya mjini. Mchele uliokuwa ukiletwa kwa meli kutoka ng'ambo haukuja tena. Dar es Salaam walikula kwa kugawiwa, na maofisa wakaanza kulitazama bonde la Ruvu kwa macho mapya. Hapo ndipo serikali ilipoleta ruzuku ya bei, ambayo sisi tuliita nyongeza tu.

Nitaieleza, kwani wengi waliipokea bila kuielewa. Siku ya soko, mnunuzi mwenye leseni alipima gunia la mkulima, akamlipa bei yake yeye, bei ya soko, na kumpa cheti. Mkulima akavuka uwanja na cheti mpaka kwenye meza ya serikali. Pale alilipwa kile kilichopungua, hata jumla ikafikia bei iliyotangazwa na serikali mwanzo wa msimu. Kwa hiyo soko likianguka, mkulima hakuanguka nalo. Jambo zima lilisimama juu ya tangazo lile la mwanzo wa msimu, na tangazo lile lilikuwa langu.

Sikuwahi kupendwa kama nilivyopendwa miaka ile. Nilikuwa nikifika Mlandizi na baiskeli yangu, wanawake wanapiga vigelegele kabla sijashuka. Nililetewa bada, ugali wa muhogo, na kambale wa Ruvu wa kukaangwa. Msimu mmoja, kabla ya masika, Bwana Shamba alinipa bei nzuri kuliko zote zilizotangulia, akanieleza kila kitu: kwa nini serikali inautaka mpunga, unakwenda wapi, na kwamba kila atakayeongeza shamba hatajuta. Nilitangaza hivyo hivyo. Watu waliingia matopeni hata mahali ambapo babu zao hawakulima, wakang'oa matete, wakachimba mifereji.

Katika hao alikuwamo Bi Mwanamvua binti Mfaume. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mwembamba, asiyepoteza maneno, mwenye shamba lake la juu karibu na njia. Mimi nami nilikuwa mgane, mke wangu alikuwa amefariki Kisarawe miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa tumezoeana sokoni, kidogo kidogo, mpaka nikatuma wazee wangu kwake na posa, naye akawajibu kwamba wavute subira mpaka baada ya mavuno. Kwetu jibu la namna hiyo si kukataa. Msimu ule aliuza mbuzi wake wote, akaweka vibarua, akafungua shamba la pili chini kando ya mto.

Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke nilipoitwa Kisarawe. Karani mkuu, ambaye sasa mvi zilikuwa zimemjaa, alinipa neno jipya. Nyongeza imeondolewa, kuanzia mavuno haya. Mkulima atauza kwa bei ya soko.

"Mavuno haya, bwana?" niliuliza. "Si ya mwakani?"

"Umesikia."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu haikuandikwa. Kuna watu wanasema mchele wa ng'ambo umeanza kuja tena, tena rahisi. Lakini hilo usilitangaze, halimo katika amri."

Nilipanda baiskeli. Njia yote ya Kibaha nilikuwa nikilirudia neno lile mdomoni kama nilivyozoea, na kila nilipolirudia lilikuwa zito zaidi. Mlandizi nilikwenda kwanza kwa Jumbe. Alikuwa mtu mzima mnene, mpole, mwenye kupenda mzaha. Nilipomaliza kumweleza aliondoa kofia yake, akaipapasa, akairudisha.

"Basi kapige pembe yako, Shomari," alisema. "Mgonjwa hafichwi."

Niligonga pembe. Walikuja kwa vigelegele. Niliposema neno na kulirudia, hapakuwa na aliyenitukana wala kunirushia kitu. Walisimama tu, kisha wakaondoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazikoni. Nilitamani wanitukane.

Bi Mwanamvua alinikaribisha kwake barazani, akanipa maji, akakaa upande wa pili wa mkeka.

"Bwana Shomari," alisema, "wewe ndiye uliyetuambia bei ile ya kwanza?"

"Ndimi."

"Na hii ya leo ni wewe?"

"Ni mimi, lakini hayakuwa maneno yangu. Mimi nimetumwa."

"Kutumwa najua. Mimi nakuuliza wewe, si serikali. Mwanamume ni neno lake. Yako sasa ni mawili, nishike lipi?"

Akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Wazee wako waambie wasijisumbue kuja baada ya mavuno. Huenda mavuno yenyewe yasiwe na baada."

Nilirudi Kisarawe. Sikutaka kumsema vibaya mtu yeyote, wala kuacha kazi sikutaka, kwani kazi nyingine sikuijua. Nilimfuata Bwana Shamba ofisini kwake, nikaomba ruhusa ya kusema.

"Bwana, naomba uende Mlandizi."

"Kwa nini? Hawakusikia tangazo?"

"Wamesikia vizuri. Ndiyo sababu naomba uende. Bei ya kwanza ulinipa na maelezo yake yote, nikiulizwa nikajibu. Hii ya pili nimepewa kavu. Wakiniuliza kwa nini, nasimama kama gogo."

Aliishindilia tumbaku katika kiko chake. "Unajua kwamba mimi sikuipenda amri hiyo?"

"Sijui, bwana. Nao hawajui."

Karani mkuu alinisubiri nje. Alikuwa amekasirika. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniona nikienda kwa mkubwa bila kupitia kwake. "Utafukuzwa," aliniambia, "na nikiulizwa, sitasema nilikufundisha mimi." Lakini asubuhi iliyofuata gari la Bwana Shamba lilikuwa limewashwa, nami nikaambiwa nipande nyuma na pembe yangu.

Watu wa Mlandizi walikutana katika banda la soko. Bwana Shamba alisimama akawaeleza mwenyewe: mchele wa ng'ambo unarudi, ni rahisi, na serikali haitaki tena kutoa fedha kwa mpunga wa hapa. Alilisema bila kulipamba. Alipomaliza alibaki amesimama, hakuketi.

Jumbe alijibu kwa niaba ya wote. "Bwana, sisi na bei hatugombani. Bei hupanda, hushuka, tumeiona hivyo tangu ukoloni wa Mdachi. Neno letu ni moja tu. Mpunga huu ulioko shambani ulilimwa kwa bei ya kwanza. Bei yenu ya pili hatuikatai. Iacheni ije mwakani, nayo tutaamua kama tuilimie."

Watu wakaitikia. Bi Mwanamvua akainuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Bwana, mimi niliuza mbuzi wangu nilime shamba la chini. Nikimwendea aliyewanunua nikamwambia, bei imebadilika, nirudishie mbuzi, atanirudishia?"

Bwana Shamba akafikiri. "Hatakurudishia," alisema.

"Basi umejibu mwenyewe, bwana."

Watu walicheka, na kwa mshangao wangu Mwingereza yule naye akacheka kidogo, kisha akavua kofia akajifuta jasho. Akasema anakwenda Dar es Salaam, na kwamba hawaahidi kitu. Wazee walipenda alivyosema hawaahidi kitu. Waliniambia baadaye kwamba huyo alikuwa ameanza kujifunza.

Alikaa huko kitambo. Nilisikia kwa madereva kwamba alipandishwa na kuteremshwa ngazi za ofisi nyingi. Aliporudi alikuwa amekonda na ana jibu lenye masharti: nyongeza italipwa mara ya mwisho, lakini kwa mpunga uliokwisha pandwa na uliosimama shambani, ambao yeye mwenyewe atathibitisha. Ulioharibika hauhesabiwi, wala wa kuletwa kutoka mahali pengine.

Basi tukaingia bondeni kupima. Tulikuwa na mnyororo wa kupimia, mimi nikishika ncha moja na kibarua ncha ya pili, Bwana Shamba akifuata na ubao wake wa kuandikia, matope yakimfika magotini. Ruba walimnywa, mbu walimnywa, na watu wakambatiza jina la Bwana Matope, kwa mapenzi. Mvua za mwisho wa masika zilikuwa bado hazijakatika. Juma lile Ruvu ilijaa, ikatoka kingo zake, ikakaa juu ya mashamba ya kando, kisha ikarudi polepole.

Tulipofika kwa Bi Mwanamvua, Bwana Shamba alikuwa na homa. Aliketi juu ya kichuguu pembeni mwa shamba la juu, akatetemeka ndani ya koti lake. Shamba la juu alikuwa analiona: mpunga ulisimama vizuri, manjano tupu. La chini hakuliona, matete yalikuwa yameziba.

"Shomari," aliita, "nenda wewe utazame hilo la chini. Ukisema limesimama, nitaandika limesimama."

Nikashuka. Bi Mwanamvua alinifuata, jembe begani. Tulipopita matete niliona matope matupu yaliyopigwa na jua, na mabua yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hapakuwa na punje ya kuvuna. Mbuzi wote wa mama yule walikuwa wamelala pale chini ya udongo.

Nawaambieni ukweli, vijana: kupanda kutoka pale mpaka kwenye kichuguu ni safari ndefu kuliko ya Kisarawe na Mlandizi. Nilimtazama. Nilitaka aniombe, ili nikikataa niwe nimekataa ombi, na nikikubali niwe nimetii ombi. Hakuniomba. Alikuwa akiyatazama mabua yake tu.

"Vipi la chini?" aliuliza Bwana Shamba.

"La chini limekwenda na maji, bwana."

"Lote?"

"Lote."

Akaandika. Bi Mwanamvua aligeuka, akashika njia ya nyumbani kwake. Mimi nilishika mnyororo tukaenda shamba la jirani, na siku ile sikula.

Mavuno yalikuja. Soko la Mlandizi lilijaa magunia hadi barabarani, mizani ikilia toka asubuhi, watu wakivuka uwanja na vyeti vyao kwenda meza ya serikali. Nilikuwa nimesimama penye meza, nikiita majina. Niliita la binti Mfaume. Alikuja na cheti cha shamba la juu peke yake, akapokea chake, akakifunga pembeni mwa kanga. Kisha, badala ya kuondoka, alisimama mbele yangu.

"Wazee wako hawajambo, Bwana Shomari?"

"Hawajambo."

"Mbona siku hizi hawatembei?"

Karani wa meza alidhani nimeugua, maana nilisahau jina la mtu aliyefuata. Niliwaambia wazee wangu siku ile ile.

Miaka mingi baada ya kuoana kwetu ndipo nilipomuuliza kilichombadilisha. Alikuwa akipeta mchele, hakuinua uso. "Siku ile kwenye kichuguu," alisema, "ungenisemea uongo ningeupokea, maana nilikuwa na shida kubwa. Lakini nisingeolewa na wewe. Ningekuwa najiuliza kila siku, huyu akinidanganya mimi, nitajuaje?"

Bwana Shamba alihamishwa kabla ya msimu uliofuata, wakasema ni kawaida, wengine wakasema ni kwa sababu ya ngazi zile za Dar es Salaam. Sijui. Kabla hajaondoka alinipa kazi ya mwisho: kuzunguka bonde zima kabla jembe halijaingia ardhini, nikitangaza kwamba nyongeza haipo tena. Nilifanya hivyo. Watu walinikaribisha, wakanipa chakula, wakanishukuru. Wengi walirudi kwenye muhogo, wengine wakapanda mikorosho, na mpunga ukabaki ule wa kuliwa na wa kuuza kidogo.

Nilitumikia mabwana shamba wengine baada yake. Mmoja alikuwa mkali, mmoja alipenda kupiga picha za ndege wa bondeni kuliko kupima mashamba. Karani mkuu alistaafu kabla yangu. Siku ya kuagana alinishika mkono kwa muda mrefu, akaniambia ile safari yangu ya ofisini kwa Bwana Shamba bila idhini yake ilimkosesha usingizi, na kwamba angekuwa kijana angekwenda yeye. Kwa mtu wa aina yake hayo yalikuwa maneno mengi.

Mimi nimeacha kazi mwaka huu. Magoti hayataki tena baiskeli, na vijiji vingi vina mwalimu wa kusoma barua. Tunaishi Mlandizi, kwenye shamba la juu. Wengi huniuliza kama nyongeza ile ilikuwa njema au mbaya. Nawajibu kwamba fedha ilisaidia, nimeona watoto waliovaa na kusoma kwa ajili yake. Lakini mkulima humwaga jasho lake kwenye neno miezi mingi kabla ya kuona fedha, na neno ndilo lililotaka kulindwa. Anayeketi ofisini anaweza kulifuta kwa kalamu. Aliyekwisha lima hana cha kufutia.

Juzi alikuja kijana wa idara ya kilimo, nadhifu, ametoka mafunzoni, akatuhimiza tuongeze mikorosho. Alisema bei itakuwa nzuri. Nilinyamaza, maana sasa si kazi yangu. Bi Mwanamvua ndiye aliyemuuliza.

"Mwanangu, na bei hiyo ikianguka, utakuja wewe kutuambia, au atatumwa mwingine?"

Kijana aliitazama mikorosho yetu, akatutazama sisi.

"Nitakuja mimi, mama," alisema.

Bi Mwanamvua akaingia ndani, akamletea kiti.